Mjomba wa Mtopanga

Jumamosi kocha wa kikapu kutoka Magongo alikuja uwanjani kwetu Mtopanga kumpima kijana mmoja. Alikuwa radhi kutoa wachezaji wawili ampate yeye mmoja.

"Mkono anao," akasema, "ila mfupi. Mtoto hufuata mjombake. Nimwone huyo mjomba."

Mamake, aliyetaka sana mwanawe achukuliwe, akaenda mbio akamleta mpangaji wake, mtu wa kuinama kila mlango.

"Kakangu huyu, wallahi!"

Kocha akamkagua toka kisiginoni hadi utosini, akambonyeza bega kama anayenunua mbuzi.

"Mashallah! Basi kijana mwacheni akue. Mjomba, wewe mpira waweza kuudaka?"

Mpangaji keshahamia Magongo. Kijana bado tunaye, na mamake anatafuta mpangaji mwingine, safari hii mfupi.