Mama Chai na Ng'ombe Aliyekwama Barabarani

Jua halijachomoza vizuri, na vumbi la machimbo ya Kitengela limeshaanza kupanda. Immaculate Nalianya anamimina chai kwenye vikombe vya bati, anasuuza vilivyorudi, anamimina tena. Wachonga mawe wanamwita Mama Chai.

Wachache wao wanajua kwamba ifikapo saa tatu mama huyu huvua aproni, huenda mjini na kuketi mbele ya kompyuta kufanya kazi ambayo hata mwandishi huyu alilazimika kuelezwa polepole.

Kazi yenyewe ni hii. Kila gemu ina injini, yaani programu ya ndani inayofanya picha zitembee na kugongana. Immaculate alipata moja kwenye mtandao, injini huria, ambayo yeyote ana ruhusa ya kuichukua na kuibadilisha. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa lugha ya C++, ilhali simu ndogo ambazo watu wengi wanazo mwaka huu wa 2008 zinaelewa Java. Basi akaamua kuiandika upya kwa Java, yeye peke yake.

"Kompyuta hapa ni za watu wachache," anasema. "Lakini simu? Hata mwenye kuchunga ng'ombe ako nayo. Nikasema, wacha nipelekee hao gemu."

Ana umri wa miaka 29, mzaliwa wa Bungoma. Alisomea kompyuta jijini Nairobi akakatiza masomo babake alipoachishwa kazi. Chai ya asubuhi inamlipia kodi ya nyumba. Mchana huhudumia wateja kwenye saiba, yaani duka la intaneti, ya Mzee Githongo, ambaye alimruhusu kutumia kompyuta ya pembeni wateja wakipungua.

Mwezi uliopita Githongo alimwita kando. Saiba haikuwa ikimlipa tena, na alitaka kufungua duka la simu.

"Imma, sikufukuzi, utauza simu hapa hapa," alimwambia. "Lakini mashine zimepata mnunuzi. Ijumaa anakuja kuzichukua."

Immaculate hana kompyuta nyingine. Ijumaa ingefika kabla hajamaliza, jasho lake lote lingebaki nusu nusu, halimfai mtu.

Na kazi ilikuwa imekataa kumalizika. Ili kuijaribu injini alikuwa ametengeneza gemu ya ng'ombe anayevuka barabara ya Namanga kwenda kunywa maji, huku akikwepa malori. Kwenye kompyuta, ng'ombe alivuka bila shida. Kwenye simu ya Maweu, mchonga mawe aliyekubali kuwa mjaribu wake, ng'ombe aliganda katikati ya lami, na lori likampitia.

"Ng'ombe yako imekufa tena," Maweu alimletea habari, hana huruma hata kidogo. "Hii ni barabara ama ni kichinjio?"

"Nililia," anasema Immaculate. "Sitaficha. Nilisoma kila mstari na sikuona makosa."

Jumatano asubuhi alikuwa akisuuza vikombe, foleni ikimngoja, mara mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Niko na vikombe nane na wanaume wengi," anasimulia. "Sinunui kikombe kipya kila mtu akikunywa. Nasuuza hiki hiki. Na gemu yangu ilikuwa inatengeneza kila kitu upya, halafu inatupa, inatengeneza tena, inatupa. Kwa C++ unafagia mwenyewe. Kwa Java simu ndiyo inajifagilia, ikijaa takataka. Sasa ikisimama kufagia, na ng'ombe inasimama!"

Alimwachia Maweu birika na kukimbia mjini, akaibadilisha gemu itumie tena vitu vile vile badala ya kuvitupa. Alhamisi mchana, kwenye simu ya Maweu, ng'ombe alivuka lami, akafika majini, akanywa. Immaculate aliiweka kazi yote, pamoja na gemu ya ng'ombe, kwenye mtandao, na walioiunda ile injini wakamjibu kwamba wameipokea, jina lake likiwa juu yake. Siku iliyofuata kompyuta zilibebwa. Githongo alibaki mlangoni akizisindikiza kwa macho.

Sasa Immaculate anaweka akiba anunue kompyuta kuukuu. Anataka kuwafundisha wasichana wa kanisani kwao, kisha watengeneze gemu nyingine pamoja.

"Watoto wa Kajiado wacheze vitu wanajua," anasema. "Magadi na joto lake, punda, maboma. Kwa nini tucheze tu za watu wengine?"

Kabla hajamaliza kueleza, kijana mgeni machimboni anasogea, kikombe mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Mama Chai, uko na hii gemu ya ng'ombe? Ni moto! Leta simu nikurushie."

Maweu anafungua mdomo. Immaculate anamkanyaga mguu chini ya meza, kisha anatoa simu kwenye mfuko wa aproni na kumpa kijana, machozi yakimlengalenga.

"Nirushie," anasema. "Na unionyeshe vile inachezwa."