Mwalimu Nishiura na Bustani ya Hasara

Nishiura Tomoe alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na waliopita mikononi mwake walimkumbuka kwa mambo mawili: hakumpigia mtu kelele hata siku moja, na alikuwa na hasira. Hasira yake ilikuwa ya kunyamaza. Ukimpelekea jibu la kubahatisha aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akakuangalia wewe, nawe ukarudi kwenye kiti chako bila kuambiwa.

Alizaliwa Kuronai, mji wa makaa ya mawe huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na humo humo akarudi kufundisha. Baba yake, Genzo, alichimba makaa tangu akiwa na miaka kumi na saba. Mgodi ulipofungwa, wakubwa wa mji walikopa fedha wakajenga bustani ya michezo palipokuwa na mgodi. Waliweka gurudumu kubwa la kupandia watu, treni ya michezo ya kwenda kasi kwenye reli za kupanda na kushuka, na dubu wa kupiga naye picha. Dubu huyo alikuwa Genzo. Miaka hamsini na miwili, mapafu yamejaa vumbi, anavaa manyoya ya bandia katikati ya mwezi wa nane, joto la huko likiwa kali, na kuwapungia watoto mkono. Siku moja Tomoe alimpelekea chakula cha mchana akamkuta amekaa nyuma ya vyoo, kichwa cha dubu kiko mapajani, anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

"Usimwambie mama yako," Genzo akasema.

Tomoe hakusema. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ndiyo kwanza ameanza kazi.

Bustani ilidumu miaka kumi na moja. Ilipokufa, watu waliondoka, deni likabaki. Bwawa la kuogelea likafungwa, hospitali ikageuka zahanati, shule nne zikawa moja. Genzo alikuwa ameshazikwa. Tomoe alikwenda maktaba ya mji akaomba nakala ya ripoti iliyotumika kuombea ule mkopo, akaisoma jikoni kwake tangu jalada hadi mwisho. Iliandikwa kwamba watakuja wageni laki nane kwa mwaka. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja ulioeleza hao laki nane wametoka wapi. Mtu alikaa tu mezani, kikombe cha chai mkononi, akawaandika.

Kuanzia hapo, kila mwaka majani yalipoanza kuwa mekundu, aliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi moja: buni bustani ya michezo, kisha ipangie bajeti. Wabuni wanavyotaka, hata nyangumi arushwe hewani, lakini kila namba iwe na mahali ilipotoka.

Mwaka ninaousimulia, darasa zima lilikuwa na wanafunzi tisa. Makundi mawili yalijenga bustani zao Okinawa na Tokyo, kwenye joto na watu. Kundi la tatu lilijenga papo hapo Kuronai. Hilo lilikuwa la Okuyama Minaho, binti wa mkulima wa matikiti, mwenye sauti nzito na nywele alizojikatia mwenyewe. Alikuwa na Tasuku, mcheshi wa darasa, na Iori, aliyechora vizuri na kusema kwa nadra. Bustani waliipa jina Ufalme wa Mbweha.

"Weka wageni laki tano," Tasuku alisema siku ya kwanza. "Ni bustani ya kubuni. Nani atatukamata?"

"Watalala wapi?" Minaho akamuuliza. "Kwa bibi yako?"

"Bibi anapenda wageni."

"Choo cha bibi yako kinaganda kila Januari! Laki tano watajisaidia wapi, wewe?"

Iori akacheka mpaka akaharibu mbweha aliyekuwa anamchora.

Wakaamua kuhesabu. Jumapili mbili na Jumatano moja walikaa kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu, wamejifunika blanketi, wakipiga mstari mmoja kwa kila gari linaloingia na kuhesabu vichwa ndani yake. Wakatoa miezi mitano ya theluji nzito. Wakauliza mashirika ya mabasi kwa simu. Walipata wageni elfu arobaini na mbili kwa mwaka, na Minaho alisema hapo wamejipendelea.

Kila mgeni, kiingilio na chakula, yen elfu mbili na mia tano: milioni mia moja na tano. Upande wa pili kulikuwa na mishahara ya watu thelathini, umeme na matengenezo, bima, kuondoa theluji, na rejesho la mkopo. Milioni mia moja hamsini na nane. Wakafuta treni ya michezo waliyokuwa wameiweka. Walipofuta treni, wageni nao wakapungua. Wakaongeza kiingilio, wakapungua zaidi. Wakairudisha treni.

"Mwalimu," Tasuku akasema, penseli iko sikioni, "bustani yetu imekufa kabla haijazaliwa."

Tomoe alisoma karatasi zao zote akiwa amesimama. "Hii," akasema, "ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha." Watoto wakatazamana. Hawakuwahi kumsikia akimsifu mtu.

Kwenye bango lao, chini ya mbweha wa Iori mwenye taji, Minaho aliandika kwa wino mwekundu: Hasara, yen milioni 53 kila mwaka. Tunashauri isijengwe.

Maonyesho ya shule yalikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Ijumaa jioni meya alipiga simu shuleni. Alisema atakuja na wageni wawili wa kampuni moja ya Sapporo iliyotaka kujenga bustani ya theluji hapo Kuronai, na amesikia watoto wamefanya mradi wa jambo hilo hilo. Aliyepokea simu alikuwa Hachiya, makamu mkuu wa shule, mtu wa suti ya kijivu na maneno laini.

Asubuhi ya Jumamosi Tomoe aliingia kwenye ukumbi wa mazoezi, akakuta bango la Ufalme wa Mbweha limehamishiwa mlangoni kabisa. Akalisoma. Akalisoma tena. Mbele ya tarakimu za elfu arobaini na mbili palikuwa pameongezwa tarakimu ya moja. Ilikuwa imebanwa pembeni, imepigwa kwa kalamu nene nyeusi. Wageni walikuwa wamekuwa laki moja na elfu arobaini na mbili. Na juu ya wino mwekundu ilibandikwa karatasi nyeupe yenye maandishi ya kompyuta: Faida, yen milioni 197 kila mwaka. Karibuni Kuronai!

Damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakamvuma. Alimkuta Hachiya jukwaani anapanga viti.

"Nani amegusa bango la wanafunzi wangu?"

"Ah, Mwalimu Nishiura. Nilitaka kukwambia mapema." Hachiya akatabasamu. "Kuna wageni leo. Tumerekebisha kidogo tu."

"Tumerekebisha, nani na nani?"

"Mwalimu, taratibu. Ni bustani ya kubuni. Kama ni ya kubuni, wageni wakiongezeka kuna ubaya gani? Watu wanataka kuona watoto wenye matumaini."

"Watoto walikaa kwenye baridi siku tatu kuwahesabu wale watu."

"Na wamejifunza mengi, hilo halina ubishi. Lakini meya asome mlangoni kwamba 'isijengwe'? Wewe nawe! Mji huu una nini kingine?"

Tomoe alifungua mdomo, na hapo milango ikafunguliwa, wazazi wakaanza kuingia na viatu vyao mkononi, kama ilivyo desturi ya huko.

Minaho aliingia na mama yake. Akasimama mbele ya bango. Uso ulimbadilika polepole, kisha akageuka akamtafuta Tomoe kwa macho, akamjia moja kwa moja.

"Ni wewe?"

"Minaho..."

"Nauliza, ni wewe, Mwalimu? Mbona hata kudanganya hamjui! Mmeongeza watu laki nzima, choo hamkuongeza hata kimoja. Mishahara ile ile, umeme ule ule. Hao laki moja watapanda treni gani, ya hewa?" Akalinyooshea bango kidole. "Ulitwambia kila namba iwe na mahali ilipotoka. Hii imetoka wapi?"

Mama yake alimvuta mkono, akainama kuomba radhi. Tomoe hakujibu, kwa sababu meya alikuwa ameshaingia, na nyuma yake wageni wawili na mpiga picha wa gazeti.

Meya alisimama mbele ya bango akalisoma kwa sauti, kila neno, kama anayesoma barua ya heri. "Milioni mia moja tisini na saba! Mnaona? Hata watoto wameliona." Mpiga picha akapiga. Watu wakapiga makofi. Hachiya naye akapiga makofi, macho yake chini.

Tomoe alisimama hatua nne kutoka pale. Hasira iliyokuwa ikimwendea Hachiya ilimgeukia yeye mwenyewe. Sekunde tano alizonyamaza alizisikia moja moja. Akaona aibu, na aibu ile ikamchoma kuliko hasira yenyewe.

"Hiyo moja si ya watoto," akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini makofi yakakatika.

"Samahani?" meya akauliza.

Tomoe akalisogelea bango, akashika pembe ya ile karatasi nyeupe akaivuta. Gundi ilikuwa mbichi. Karatasi ilitoka na kipande cha mkia wa mbweha, na Iori, aliyekuwa pembeni na baba yake, akatoa kilio kidogo. Wino mwekundu ukaonekana.

"Wanafunzi walipata wageni elfu arobaini na mbili. Hii moja imeandikwa jana na mtu mzima. Jibu lao ni hili hapa."

Meya akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na pa kwenda. "Watoto wa siku hizi hawana ndoto kabisa."

"Ndoto tunazo," Tasuku akasema nyuma ya watu. "Wateja ndio hatuna."

Watu wawili watatu walicheka, wakaacha. Mmoja wa wageni wa Sapporo, mwanamume mnene mwenye miwani, akauliza hizo elfu arobaini na mbili zilipatikanaje. Minaho akajitokeza akaeleza kuhusu magari, blanketi, mabasi na miezi ya theluji. Alieleza kwa hasira, maneno yakigongana, na mgeni aliandika yote kwenye kijitabu chake. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Meya alikuwa tayari kwenye meza ya keki.

Baadaye Minaho alimfuata Tomoe kwenye korido. "Nilikusingizia," akasema.

"Ulikuwa na haki ya kuuliza."

"Lakini ulichelewa."

"Nilichelewa," Tomoe akakubali. "Na mkia wa Iori nimeuchana. Nenda ukamwite nimwombe radhi."

Msidhani mambo yaliishia vizuri. Gazeti la Jumatatu lilitoa picha ya meya na bango, ile iliyopigwa kabla ya karatasi kubanduliwa. Mwezi wa kumi na mbili baraza la mji lilipiga kura saba kwa mbili kuilipa kampuni ifanye upembuzi yakinifu wa bustani ya theluji. Minaho alipata habari hizo kwa baba yake, akaenda hadi nyumbani kwa Tomoe na buti zake zimejaa theluji, akaomba ile ripoti ya zamani ya laki nane. Alisema kutakuwa na mkutano wa wananchi, na watoto hawakukatazwa kuhudhuria. Tomoe alimpa. Hakumpa nasaha yoyote.

Mwezi wa tatu orodha ya uhamisho ikatoka. Tomoe, aliyebakiza miaka mitatu astaafu, alipelekwa shule ya pwani ya mashariki, mwendo wa saa sita kwa treni. Hakuna aliyemwambia sababu, wala yeye hakuuliza.

Nyumba za walimu zilikuwa zimepangana, na ya Hachiya ilikuwa ya jirani. Asubuhi moja Tomoe anasukuma theluji mlangoni, Hachiya akaja na mfuko wa viazi, amevua kofia ingawa baridi ilikuwa kali.

"Mwalimu Nishiura. Nimekuja kukuomba radhi. Uhamisho si mimi, naapa. Lakini lile la bango... nilipigiwa simu. Nikaona nisiwatie watoto aibu."

Tomoe akachoma koleo kwenye theluji. "Nikuulize kitu kimoja. Ile mia na tisini na saba uliipata kwa kichwa au kwa kikokotoo?"

"Unasemaje?"

"Ukazidisha kwa elfu mbili na mia tano, ukatoa gharama. Jibu liko sahihi. Ulitumia nini?"

"Kikokotoo."

"Kwa hiyo ulikaa chini. Ukasoma kazi yao yote, mstari kwa mstari, ukaielewa."

Hachiya aliweka mfuko kwenye ngazi, akainama sana, akaondoka kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe.

Tomoe aliendelea kusukuma theluji mpaka lami ya barabara yote ya mbele ikaonekana nyeusi, na hasira ilikuwa pale pale. Mchana akavipika vile viazi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa chakula, akavitia siagi na chumvi, akala peke yake katikati ya maboksi ya safari. Vilikuwa vitamu kweli kweli, na hilo nalo likamuudhi.