Tanuru Nililowaonyesha Wageni

Mwenyekiti wa kijiji alinipa wageni wawili wa Mbeya niwatembeze. Nikifanya vizuri, kazi ya kuongoza wageni ingekuwa yangu. Niliona aibu kumwambia kwamba tanuru la kale la kuyeyushia chuma sijawahi kuliona. Nilisikia tu kuwa ni la udongo, refu kuliko mtu.

Tulipovuka shamba la ulezi, nikaliona.

“Matundu haya yalipitisha hewa,” niliwaeleza.

“Naweza kuligusa?” mmoja aliuliza.

“Taratibu, kaka. Ni la mababu.”

Akaligusa kwa ncha za vidole. Mama mmoja akafika na ndoo na shuka kuukuu. Tukamwamkia shikamoo.

“Marahaba, wanangu. Sasa nipisheni, nitege kumbikumbi. Hiki kichuguu ni changu.”