Kisanduku cha Kasulo na Mshenga Aliyehama

Niliondoka Biharamulo kwa sababu mdogo wangu Elia alikuwa karibu kufukuzwa kazi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikamlea, kwa hiyo akiharibu kitu hunitafuta mimi kwanza, kama enzi zile alipovunja vyungu vya majirani.

Safari hii alivunja kitu kisichoonekana. Kampuni yao imeweka visanduku vya kompyuta kwenye maghala ya mahindi. Kila kisanduku hupima joto na unyevu, kisha hutuma habari ofisini kupitia kompyuta ya katikati iitwayo proksi.

"Ni kama mshenga, dada," Elia alinieleza. "Nimeweka mshenga mpya, nikamzima wa zamani kabla kisanduku cha Kasulo hakijapata anwani mpya. Sasa siwezi kukiambia, maana kilikuwa kinasikia kupitia kwa huyo huyo wa zamani."

Wakulima walipouliza, aliwaambia ni mtandao. Bosi wake, aliyekuwa safarini, hakuambiwa chochote. Angerudi kesho yake jioni. Elia alitakiwa abaki ofisini kuangalia kompyuta. Nikavaa fulana yake ya kampuni, nikafundishwa kutumia kishikwambi, nikawa fundi.

Alfajiri nilipanda Noah ya abiria. Tulipofika Lusahunga dereva alikuwa ameshaisoma fulana.

"Fundi, simu yangu haishiki chaji."

Nikaigeuzageuza, nikapuliza tundu, nikaichomeka. Ikashika! Kuanzia hapo nikahamishiwa kiti cha mbele.

Benaco nilishuka katikati ya malori yanayokwenda Rwanda. Nikachukua pikipiki hadi kwenye ghala la Kasulo.

Mtunza ufunguo, Mama Jeska, alikuwa anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Kampuni. Nimekuja kukiambia kisanduku kwamba mshenga wake amehama."

"Na wewe mshenga wako nani? Fulana hata mwizi anavaa."

Nikampigia Elia, nikaweka sauti kubwa.

"Kijana," Mama Jeska akamwambia, "wiki nzima unasema mtandao. Mimi nikiwa hapa hapa naongea na dada yangu Bujumbura mpaka anachoka. Mtandao gani huo?"

Mama Jeska akarudi kwenye maharage yake.

"Ufunguo uko kiunoni kwangu, nami sina haraka."

"Ni mimi, mama. Niliharibu mimi."

"Haya. Karibu ndani, fundi."

Nilichomeka waya kwenye kishikwambi, nikaandika anwani mpya kama Elia alivyonitajia. Taa nyekundu ikawa kijani. Nikapiga kigelegele. Elia naye akapiga kelele kule ofisini.

Ndipo simu ya Mama Jeska, ambayo nayo hupokea maonyo ya ghala, ikalia kwa ujumbe. Ikalia tena, na tena. Kisanduku kilinyamaza tu, hakikusahau. Kilikuwa kimehifadhi maonyo yote na tarehe zake, sasa kinayatapika: joto limepanda kona ya kushoto, joto limepanda zaidi.

"Haya yanakwenda kwa nani mwingine?" nikamuuliza Elia.

"Kwa bosi," akajibu, kwa sauti ya mtoto aliyeshika kipande cha chungu.

"Mpigie kabla hajamaliza kusoma. Umeshakiri mara moja leo, ya pili haitakuua."

Mama Jeska alikuwa ameshawaita majirani. Magunia ya kona yalikuwa ya moto kama mikate. Tuliyamwaga juani, juu ya maturubai. Machache yalikuwa yameota ukungu. Mengi yalipona, ila siku moja zaidi isingetuachia cha kuanika.

Jioni nilirudi na dereva yule yule, kiti changu cha mbele kikinisubiri. Elia alikuwa stendi.

"Bosi amenibakiza kazini," akasema. "Lakini kesho naenda Kasulo. Mama Jeska amemwambia bosi hayo mahindi yanataka mtu wa kuyageuza."

Nimejifunza kwamba mshenga wa zamani haachishwi kazi mpaka mpya asikike nyumba zote. Elia naye ameliandika hilo juu ya meza yake.

Kisha akaomba fulana yake. Nikamnyima. Kwa Mama Jeska haitamsaidia. Elia atahitaji mtu wa kumtambulisha, na anayemjua yule mama ni mimi.