Bakuli la Mvule Lenye Chapa ya Mzee Duara

Fundi alipofariki, wanawe wawili hawakuwa na nyumba wala kiwanja cha kugombania. Chumba alicholala kilikuwa cha kupanga, na karakana aliyofanyia kazi miaka arobaini na mitatu ilikuwa ya kupanga vilevile. Alichoacha kilikuwa ndani ya hiyo karakana: mashine ya chuma ya kukereza, yaani ya kuzungusha mti ili patasi iuchonge, nzito kiasi kwamba siku ilipoletwa walibomoa kipande cha ukuta kuiingiza; patasi thelathini na kitu zenye mipini mirefu; na magogo. Magogo hasa. Yalijaza ukuta mmoja mzima kutoka sakafuni hadi darini, mvule, mpingo, msaji, mzeituni, mengine hata majina yake hayakujulikana. Yote yalikuwa yamepakwa nta kwenye ncha ili yasipasuke, na kila moja limeandikwa kwa chaki mwaka lilioingia.

Watu walimwita Mzee Duara, maana kilichoingia mikononi mwake kilitoka mviringo: miguu ya meza, nguzo za ngazi, mabakuli, vishikio vya milango. Majirani walitaniana kwamba ukimpelekea mlango akurekebishie, atakurudishia sahani.

Mwenye karakana aliwapa hadi mwisho wa mwezi wawe wametoka. Kaka mkubwa alikuwa na kazi ofisi ya bima katika mji mwingine, na ukoo mzima ulimwita Bosi tangu hajapata hata hiyo kazi. Akapiga simu.

"Mdogo wangu, mambo ya mbao unayajua wewe. Thaminisha kila kitu, tafuta mtu mmoja abebe vyote, tugawane nusu kwa nusu. Mimi sina nafasi ya kukaa huko nahesabu vijiti."

Huyo mdogo wake alikuwa na miaka arobaini na tisa, karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Pale dukani walimwita Dada Futi, kwa sababu alikuwa akitazama ubao kwa mbali tu na kukutajia urefu wake, na ukipima unakuta hakukosea hata kidole. Neno "vijiti" lilimchoma, lakini alilimeza. Akaomba likizo ya wiki moja, akachukua daftari, akaenda.

Siku tatu za kwanza alifanya kazi peke yake, mlango wazi, vumbi la mbao likimwasha pua. Alishusha magogo moja moja, akayagonga kwa kifundo cha kidole kusikia kama yana ufa ndani, akayapima, akaandika. Patasi alizipanga juu ya benchi kwa ukubwa. Mikono yake ilijua kila moja, na hilo lilimuudhi.

Maana alikulia humo. Kuanzia miaka kumi alikuwa akitoka shule anakuja kupiga msasa na kupaka nta. Alipofika kumi na nne, baba alimruhusu kushika patasi. Alipofika kumi na saba alikereza bakuli la mvule, kubwa, peke yake mwanzo hadi mwisho, siku tano nzima baba akipita nyuma yake bila kusema neno. Siku ya sita alipofika, bakuli halikuwepo.

"Limepasuka," baba alimwambia, huku anafagia. "Nimelitia motoni."

Akalia. Baba akaendelea kufagia. Kisha akasema maneno ambayo binti yake aliyabeba miaka thelathini na miwili: "Mikono yako haina utulivu, mwanangu. Kazi hii haikutaki. Tafuta kazi ya kalamu."

Basi akatafuta kazi ya kalamu. Ada iliyokuwepo ilimsomesha Bosi, kwa kuwa mwaka huohuo kazi za baba ziliongezeka ghafla, mahoteli na maofisi yakimtafuta, na ilionekana ni busara fedha iende kwa mtoto wa kiume. Yeye akaingia dukani kuuza misumari. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na muda wote huo, kila alipodondosha kikombe au uzi ulipomkataa kuingia kwenye sindano, alijiambia, kweli bwana, mikono yangu haina utulivu.

Siku ya nne alifika kwenye safu ya chini kabisa, nyuma, ambako magogo ya mpingo yalikuwa yamekaa tangu alipokuwa mtoto. Alipovuta la mwisho alikuta sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na blanketi, na ndani ya blanketi mlikuwa na bakuli.

Lilikuwa la mvule, lina mshipa mweusi ubavuni. Alilitoa kwenye mwanga, akasema kimoyomoyo, mzee naye alijua kazi. Kisha kidole gumba chake kikapita chini ya mdomo wa bakuli, kikagusa mifuo miwili iliyokwenda sambamba.

Alikaa juu ya gogo. Mfuo wa kwanza ulikuwa kosa. Patasi ilimteleza siku ya tatu, akaogopa baba asione, akachora wa pili pembeni yake ili ionekane alikusudia. Aligeuza bakuli, akaona kitako kinene kuliko inavyotakiwa, kosa alilogombezwa kila siku: "Unaacha vitako vinene kama unatengeneza kinu!" Na katikati ya kitako hicho, nyeusi na safi, palikuwa na chapa ya moto ya baba yake.

Chini ya blanketi alikuta cheti. Maonyesho ya ufundi wa mkono, nishani ya kwanza, bakuli la mvule. Jina la baba. Mwaka ule ule.

Halikupasuka. Halikuonja moto, isipokuwa moto wa chapa.

Alitoka na bakuli kwapani akaenda kibanda cha pili, kwa fundi viatu, mzee aliyekuwa rafiki wa baba yake na aliyekunywa naye chai kila asubuhi tangu zamani. Alimwekea bakuli juu ya meza, katikati ya soli na gundi.

Fundi viatu alilitazama, akaweka sindano chini taratibu.

"Kumbe alilitunza," alisema.

"Mzee wangu, ulikuwa unajua?"

"Tulijua, mwanangu. Wote wa mstari huu tulijua. Alikuja hapa siku ile wamempa nishani, akakaa palepale ulipo, chai ikapoa hata hajaigusa. Akaniambia, nikisema ni la binti wa miaka kumi na saba, watasema nimezembea, bwana mkubwa anashindwa na mtoto. Na wateja hawatakuja kwa mtoto."

"Angeniambia mimi, basi. Mimi tu."

"Alisema ukijua utadai."

"Na wewe? Miaka yote hii unanisalimia, unanitengenezea viatu, unaniuliza habari za watoto."

Mzee alijikuna kidevu. "Ningekwambia, ungefanya nini? Mlikuwa mnakula."

Hilo ndilo lililomkera Dada Futi zaidi kuliko yote, kwamba mzee alikuwa amesema kweli. Walikuwa wanakula.

Siku ya sita alikuja mnunuzi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliyekuwa akinunua karakana za mafundi waliokufa na kuuza tena vitu kimoja kimoja. Bosi naye alisafiri kuja, si kwa kumsaidia dada yake bali kwa kuchunga nusu yake. Alivaa suti, akasimama mlangoni asije akapata vumbi.

Mnunuzi alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Aliwasha mashine, akaisikiliza inavyonguruma, akataja bei. Magogo aliyapitia na daftari la Dada Futi mkononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nani kaandika hii? Sina cha kurekebisha." Mpingo peke yake ulipita bei ya mashine. Mwisho akafika kwenye bakuli, ambalo Dada Futi alikuwa ameliacha kwenye benchi na cheti chake, kwa kuwa hakujua aliweke wapi.

Mnunuzi alivaa miwani. Akaligeuza, akasoma chapa, akasoma cheti. Sauti ikashuka.

"Hili nimelisikia tangu nilipoanza biashara. Watu walimwomba mzee awauzie, akakataa. Likiwa na chapa yake na cheti, nawapa laki sita."

Bosi aliingia ndani, akasahau vumbi na suti yake. "Laki sita? Bakuli moja?"

"Halikukerezwa na yeye," alisema Dada Futi. "Nilikereza mimi."

Kaka yake alicheka kwanza. Alipoona dada yake hacheki, akacheka kidogo zaidi, halafu akaacha. Dada Futi akawaeleza, mifuo miwili, kitako kinene, maneno ya fundi viatu. Akamwita na fundi viatu mwenyewe, naye akasimama kizingitini akasema ndiyo, ni kweli, akarudi kibandani kwake bila kungoja kuulizwa swali la pili.

"Sawa," alisema Bosi. "Tuseme ni kweli. Baba hayupo wa kujitetea. Sasa unataka tufanye nini, tumfukue? Uza, chukua laki tatu zako, yaishe."

"Wewe hizo laki tatu zako ni za nini?"

"Za urithi."

"Ulisomeshwa na hili bakuli, unajua? Ada yako yote ilitoka humu."

"Mimi nilikuwa mtoto!"

"Na mimi nilikuwa nani?"

Mnunuzi alikohoa. Alikuwa amezoea ugomvi wa ndugu, ilikuwa sehemu ya kazi yake. "Mama," alisema kwa upole, "mimi sibishi. Naona mwenyewe mkono hapa ni mwingine. Lakini mimi nanunua jina. Tukisema ni la mzee, kila mtu anatoka na chake. Tukisema ni la kwako, samahani, hakuna anayekujua."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja uzito wa gogo.

Dada Futi alichukua bakuli. Akachukua bikari ya kupimia unene, akapima kitako, akapima tena. Kisha akatafuta kwenye rafu kile kibao cha mviringo chenye mfuo, ambacho baba yake alikitumia kushikia mabakuli yakiwa yamepinduliwa, akakifunga kwenye mashine. Akapachika mdomo wa bakuli kwenye mfuo, akasogeza ncha ya chuma ya upande wa pili ikabana katikati ya kitako.

"Unafanya nini?" aliuliza Bosi.

Dada Futi alichagua patasi, akajaribu makali kwenye ukucha. Akawasha.

"Futi! We mwanamke! Laki sita hizo!"

Bosi alimshika bega, na mnunuzi akamvuta nyuma haraka, maana alijua mtu aliyeshika patasi kwenye mashine inayozunguka haguswi. Utepe wa kwanza wa maranda ulitoka mwembamba, ukamwangukia mkononi. Miaka thelathini na miwili hakuwa amefanya kazi na patasi. Aliingoja mikono itetemeke. Haikutetemeka. Ilikwenda ukingoni ikarudi katikati, ikakwenda ikarudi, herufi za jina la baba yake zikififia tabaka kwa tabaka. Kile kitako kinene kama kinu kilimpa nafasi ya kutosha. Alipozima mashine palikuwa pamebaki kichuguu kidogo pale ncha ilipobana. Alikikata kwa mkono, akasugua kwa msasa, akapuliza.

Palikuwa peupe, pasafi, hapana hata kivuli cha chapa.

Mnunuzi alilipokea, akalizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Kazi safi sana hii," alisema. "Mkono umetulia mno."

Kusikia hivyo ndipo machozi yalipomtoka Dada Futi, na hayakuwa ya furaha. Kama angekosea, kama patasi ingeuma mti na bakuli likavunjika vipande, angalau baba yake angekuwa hakumdanganya yote.

"Sasa linakwenda bei gani?" aliuliza.

"Hivi lilivyo? Bakuli la mvule, halina jina." Mnunuzi alipima maneno. "Elfu ishirini. Na hapo nimeongeza."

"Basi siuzi."

Walibeba vitu mchana kutwa. Mashine iliwachukua wanaume sita na magogo ya kuviringishia. Mnunuzi alimwita pembeni, akamuuliza kama ana uhakika anataka kuiuza, kwa mkono ule. Dada Futi alimweleza kwamba anakaa ghorofa ya pili, vyumba viwili, na mwakani anatimiza hamsini. Mnunuzi akaitikia kwa kichwa, hakurudia swali.

Bosi hakumuaga. Ndiye aliyepokea malipo ya mnunuzi, na baada ya wiki mbili fungu la dada yake liliingia kwenye simu, na ujumbe chini yake: "Nimekata laki tatu za bakuli kwenye fungu lako. Ni haki yangu." Dada Futi alisoma, akaanza kuandika jibu refu, akalifuta. Hasira yake haikuwa ya Bosi hasa. Baba mwenyewe alikuwa kaburini, haulizwi. Na kila alipojaribu kumchukia sawasawa alimwona anafagia siku ile, amempa mgongo, anafagia mahali palipokwisha kuwa pasafi.

Alirudi kazini. Siku moja alikuja mteja na mguu wa kiti uliovunjika, ameufunga kwenye gazeti, anatafuta mtu wa kumkerezea mwingine unaofanana nao.

"Nasikia mtaa huu kulikuwa na mzee mmoja hatari," alisema. "Aliwahi kupewa hata nishani. Unamfahamu?"

Dada Futi aliutazama ule mguu. Kazi ya nusu saa, akiwa na mashine.

"Amekufa," alisema.

"Hakumwachia mtu ufundi?"

"Hapana," alijibu, akamgeukia aliyefuata kwenye foleni akamuuliza misumari anataka kilo ngapi.