Kaske Tatu za Sitwaye

Kaske ya kwanza, ile ya kuvaa masikioni kusikilizia muziki, ilifika nyumbani imefungwa ndani ya gazeti, mwaka huu, nikiwa darasa la nne la sekondari. Aliyeileta ni mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kasuku, mwenye duka la redio na kaseti, mwanaume wa abakosti, suti zile zisizo na tai, zilizopigwa pasi vizuri. Sisi tulimwita sitwaye tu, yaani raia, kama chama kilivyoagiza watu waitane. Alimwambia baba kwamba wakubwa wanaonunua vitu hivi vya bei kali wanamuuliza ipi inalia vizuri, na masikio yake yeye yamechoka na kelele ya jenereta. Basi huyu mutoto wako wa kike asiyesema, asikilize, halafu aseme.

Nasema ukweli: nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naona nini.

Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi, yenye sponji. Gita la solo lilisikika safi, lakini besi ilikuwa mbali, kama ngoma ya ng'ambo ya Lualaba. Na mambo ya nje yaliingia: mchi wa mama uligonga katikati ya wimbo. Nilimwambia shangazi, dada ya baba, naye akapeleka maneno yangu dukani.

Ya pili ilikuwa ya chuma. Besi yake ilitikisa mpaka meno. Lakini mkanda wake ulinikandamiza juu ya nywele zangu za uzi, na kabla upande mmoja wa kaseti haujaisha kichwa kiliuma. Shangazi alirudi na swali la sitwaye, kama inanibana sana.

"Mwanaume gani anauliza vile?" akasema, akicheka. Mimi pia nilicheka. Sikuona kwamba yeye alikuwa anahesabu zawadi, wakati mimi nahesabu besi.

Ya tatu ndiyo ilinishika. Ngozi laini, vikombe vikubwa vinavyomeza sikio lote. Nilisikia vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno. Masikio yalitoka jasho, nikavumilia, kwa sababu nyumba nzima ilipotea: ugomvi wa wadogo zangu, redio ya jirani, hata zile nyimbo za chama tunazochezeshwa shuleni kila asubuhi.

Ijumaa moja baada ya swala walikuja wageni. Nilifikiri ni watu wa biashara ya baba. Nilikuwa kitandani, nimeivaa. Pazia likafunguka, nikamwona shangazi, na nyuma yake wazee wawili. Midomo yake ikacheza. Nikaona ni ileile ya siku zote, anauliza habari ya kaske. Nikainamisha macho, nikatabasamu, kama ninavyofanya kila wazee wanaponitazama. Midomo ikacheza tena, na tena. Pazia likashuka.

Kwetu msichana akiulizwa habari ya ndoa hangojewi aseme. Akinyamaza, amekubali.

Kaseti ilipofika mwisho ndipo niliposikia vigelegele uani.

Shangazi alinikuta nimesimama. Nikamwambia sikusikia kitu, arudi awaambie wazee. Hakukasirika. Alikaa kitandani, akaigeuza ile kaske mikononi mwake.

"Hata mie siku yangu sikusikia kitu," alisema. "Na sikuvaa kitu kwa masikio."

Nikatoka mwenyewe mpaka sebuleni. Sijui nilipata wapi miguu. Wanaume walikuwa wanakula wali, sitwaye katikati yao, mkono wake sahanini. Nilimwinamia baba, nikasema, "Baba, sijajibu." Sauti yangu ilikuwa ndogo hivi kwamba mzee wa karibu aliendelea kutafuna. Baba akasema nirudi ndani, tutasemezana. Mzee mmoja akacheka: hii njo haya ya bibi harusi, iko vizuri.

Hatujasemezana mpaka leo. Mahari haijapokewa; mama anasema itakuwa baada ya Ramadhani. Darasani wameanza kuniita madamu. Kaske zote tatu shangazi amezifungia sandukuni, kwa vile sasa ni vitu vya arusi.

Jana nilimngoja baba mlangoni akitoka sokoni. Nikasema tena, safari hii kwa sauti nzima, mpaka mama akaacha kufagia. "Baba, mimi sijajibu."

Alivua viatu kimoja kimoja, akaviweka ukutani.

"Nilikusikia tangu siku ile, mama," akaniambia. "Lete maji ninawe."

Nikaenda kuchota.