Sinia la Kina Nasma

Hospitalini kwetu hakuna aliyejua Sidonia anafanya kazi gani, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Alikuja Dodoma akitokea chuoni Moshi, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, na cheti kinachosema yeye ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wakampa chumba nyuma ya stoo. Humo aliweka mkeka, bakuli la punje za mahindi, vifungo vya mashati na midoli ya mitumba aliyoichagua mwenyewe sokoni. Watoto waliokakamaa viungo, waliochelewa kukaa, waliopooza baada ya degedege, wote walipelekwa kwake, naye akashinda nao mkekani. Sisi wauguzi tuliokuwa tukikimbizana na dripu tulimwita Mama Midoli. Alitabasamu kidogo tu, akaendelea kumwonyesha mtoto jinsi ya kufunga kifungo.

Sasa najua kwamba kile kifungo ndicho kilikuwa dawa. Sisi tulihangaika mtoto asife. Sidonia alihangaika mtoto huyo avae, aoge, ashike kalamu, ale. Lakini wakati ule nilikuwa na kichwa kigumu, na ulimi mrefu kuliko kichwa.

Alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro, na mjini hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Tulipanga nyumba zinazotazamana pale Ipagala. Jioni nilimsikia akijisemea peke yake yale maneno yao ya kugonga ulimi, huku akisonga ugali kwenye sufuria ndogo ambayo kwangu isingetosha hata kuchemshia mayai.

Nasma aliletwa akiwa na miaka sita. Kwao ni Chang'ombe, wana duka la vyombo. Degedege lilikuwa limemwachia mkono wa kulia uliokunjamana, vidole vimefumbata kiganjani, na mama yake, Yusra, alikuwa bado anamlisha. Sidonia aliutazama mkono wa kushoto, akaona una nguvu, akaufundisha huo. Baada ya miezi miwili Nasma alikula mwenyewe bila kumwaga hata punje ya wali. Sidonia alifurahi mno. Yeye ambaye hakuwahi kuniomba hata chumvi, alikuja kunigongea: "Dada Generosa, nisindikize Chang'ombe. Nataka kumwona akila kwao."

Tulifika Ijumaa mchana, wamekaa uani kuzunguka sinia la pilau.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia bibi yake Nasma, Bi Jaha.

"Marahaba, wanangu. Karibuni mnawe."

Sidonia hakunawa. Alikuwa anamtafuta Nasma kwa macho, na nilimwona kabla yake. Mtoto alikuwa amekaa peke yake kule mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo, na bakuli lake la plastiki mapajani.

"Bibi, mbona Nasma yuko kule?"

Bi Jaha aliweka tonge chini. "Zamani mama yake alimpakata hapahapa, akamlisha kwa mkono wake. Sasa mmemfundisha kula mwenyewe, alhamdulillahi, tunashukuru. Ila mmemfundisha kwa mkono wa kushoto, mwanangu. Mkono wa kujisafishia. Kwenye sinia la watu hauingii. Mwenzio ningefanyaje?"

Yusra aliinamisha uso. Nasma alisikia sauti zetu, akageuka na kuinua bakuli tupu, meno yote nje. "Anti Sidonia! Nimemaliza mwenyewe!"

Sidonia alimpigia makofi. Alipiga makofi mpaka tukatoka nje ya uzio, ndipo akalia, barabarani, watu wakitutazama.

"Hata kwetu mkono wa kushoto hauingii chunguni," alisema. "Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nimekula peke yangu mwaka wa tatu huu, dada. Nilimfundisha kula kama ninavyokula mimi. Nikasahau kwamba watu hula pamoja."

Nikamwambia tuwahi, jua ni kali.

Jumatatu akaanza upya na mkono wa kulia. Daktari mmoja alimwambia mbele yetu kwamba anapoteza wakati. Mtoto ameshaweza kula, anataka nini tena? Sidonia hakubishana. Alikwenda Kizota kwa fundi Nikodemo, wakapasha moto kipande cha bomba la plastiki mpaka kikalainika, wakakikunja kiwe cha kunyooshea kiganja cha Nasma alalapo. Alichonga soli ya ndala, akaivika kwenye mpini wa kijiko uwe mnene. Bi Jaha alikubali kijiko, mradi kishikwe kwa mkono wa kulia. Kila siku Sidonia aliuloweka ule mkono kwenye maji ya uvuguvugu na kufungua kidole kimoja kimoja. Nasma alilia. Alirusha kijiko ukutani, akamwambia, "Anti mbaya, sikupendi tena." Mtoto huyo ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa akimkimbilia Sidonia kwa furaha, na sasa Sidonia akawa akimwona anajificha nyuma ya mama yake. Ilikwenda hivyo miezi tisa.

Halafu jioni moja nilimkuta Sidonia amesimama mlangoni kwangu, viatu vimejaa vumbi.

"Nimetoka Chang'ombe," alisema. "Amekaa kwenye sinia, dada. Kati ya mama yake na bibi yake. Anamwaga nusu, wanamwokotea, wanacheka."

"Wamekupa nini? Umekula?"

"Sikuingia. Nilichungulia tu kwenye uzio. Walikuwa wanakula, nikaona haya."

Nyuma yangu wanangu walikuwa wamezunguka ugali na mlenda, wananiita kwamba unapoa. Sidonia aliwasikia. Alikawia pale mlangoni, labda kuliko alivyokusudia. Ningeweza kusema neno moja tu, "karibu", neno ambalo hapa kwetu huambiwa hata mpita njia. Naona aibu kulieleza hili mpaka leo.

Nilimwambia hongera, nikamtakia usiku mwema, nikaingia kula.